Mabibi zetu hawakuwa watulivu, msiwatulize nyie

Kila mwaka ikikaribia tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga, inajaa wasichana wa sekondari. Walimu wameshawapa projekti ya "Mwanamke Shujaa", basi wanakuja na flashi, wengine na simu ya mama, anti niprintie hizi, kala tafadhali, na usinikatie pembeni. Mi naprinti, hela ni hela, lakini macho yanaona. Mwaka huu mmoja kaja na mapicha kibao na yote yanafanana, mwanamke kavaa ngozi, misuli inang'aa mafuta, mkuki mkononi, nyusi zimechongwa vizuri kuliko zangu. Nikamuuliza huyu nani? Shujaa wa Afrika anti. Wa Afrika wapi? Akaiangalia picha kama ndo anaiona leo, akasema, "Wa Afrika tu."

Sina ugomvi na mikuki. Dahomey, ambayo leo ni Benin, walikuwa na jeshi la wanawake kweli, si la sinema, na Wafaransa walipigana nalo miaka ya 1890 wakarudi kwao wakasimulia. Kinachonikera ni kwamba shujaa wa kike kwenye mabango yetu amekuwa mtu wa aina moja tu: ana nguvu za kiume, uzuri wa tangazo la sabuni, na tabia ya malaika. Hajawahi kumkosea mtu, hajawahi kudaiwa, hajawahi kuvuta sigara, hajawahi kuwa upande usiofaa. Halafu ukisoma habari za wanawake wenyewe unakuta nusu yao wangekuja kuposwa mtaani kwetu tungeitisha kikao cha ukoo usiku huohuo kumkanya kijana.

Basi nikaanza kumtajia yule binti mashujaa wangu mimi, mteja wa pili akaingia akasikiliza, wa tatu akaanza kubisha, na siku hiyo fotokopi za watu zilichelewa sana. Haya hapa niliyosema, na mengine niliyoyakumbuka nikishafunga duka.

Wa kwanza kwangu hana mkuki, ana mkate. Anaitwa Saada.

Fumo Liyongo tumefundishwa wote, jitu la watu, bingwa wa upinde, mshairi, sultani wa Pate akamwogopa akamtia gerezani. Utendi wake ule aliouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 watu wanaukariri. Sasa ukiwauliza Liyongo alitokaje gerezani watakwambia alikata minyororo kwa tupa, sawa, na tupa ilifikaje? Hapo wengi kimya. Mama yake alikuwa anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, ndo huyo Saada, na askari wa mlangoni walikuwa wanakinyang'anya kile kizuri wanakula wao. Liyongo akamwimbia Saada ujumbe mbele ya askari haohao, wao wakasikia ushairi, yeye akasikia maagizo: kamwambie mama apike mkate wa wishwa, na katikati ya mkate aweke tupa. Mkate ukapikwa, Saada akaubeba. Askari kuuona ni wa makapi wakaukejeli wakaachia upite. Baadae Liyongo akaomba kabla hajauawa achezewe gungu, mji ukakusanyika, ngoma, upatu, siwa, makelele, na yeye ndani anakata chuma taratibu bila mtu kusikia.

Mi nikimfikiria Saada natetemeka. Liyongo akishindwa, ni shujaa aliyeshindwa, atatungiwa hata hivyo. Saada akikamatwa na tupa ndani ya mkate ni kijakazi, nani atamtungia, na nani atampelekea yeye mkate? Alipita mbele ya askari na uso mkavu. Hiyo ya uso mkavu mi ndo naona ngumu kuliko kurusha mshale.

Na mama mtu mwenyewe msimsahau, maana mwisho wa kisa ni wake. Liyongo kachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, katoka mpaka kisimani kapiga goti, mshale uko kwenye upinde, kafia palepale kwenye mkao huo. Watu wa mji hawajui kama kafa, wanaona tu jitu limekasirika limekaa kisimani, hawathubutu kuteka maji. Mji mzima una wanaume, una silaha, una sultani, umenyimwa maji na maiti! Wakaenda kumbembeleza mama yake, yeye ndo akaenda kumwimbia mwanawe amtulize, mpaka alipoanguka ndo watu wakajua walikuwa wanamwogopa marehemu. Hiki kisa mi kila nikikisoma nacheka halafu nacheka vibaya.

Kutoka hapa Tanga ukipita Horohoro ukaingia Kenya ukapandisha na pwani, unawakuta Wagiriama, ndugu na Wadigo wetu hawa wa huku. Huko ndo kwa Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Waingereza wanataka kodi, na zaidi ya kodi wanataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba yao. Afisa wao Arthur Champion anaitisha mkutano. Simulizi inasema Mekatilili, mjane, mtu mzima kabisa, kaja mkutanoni na kuku na vifaranga vyake akamwambia bwana mkubwa, haya, chukua kifaranga kimoja. Champion kunyoosha mkono, kuku kamdonoa. Akamwambia ndo hivyohivyo na wewe ukigusa watoto wetu.

Watu wanapenda kuishia kwa kuku kwa sababu inachekesha. Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Alikuwa anatembea kijiji kwa kijiji anacheza kifudu, ambayo ni ngoma ya msiba, anakusanya watu kwa ngoma halafu anawalisha kiapo, wanawake kiapo chao, mukushekushe, na wanaume chao cha fisi, kwamba hakuna atakayeshirikiana na mzungu. Ukishakula kiapo mbele ya jamaa zako wote, karani wa serikali utamwambia nini? Wakamkamata mwaka huohuo yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, upande wa pili wa nchi, wakajua yameisha. 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu, mamia ya kilomita, misitu, simba, na huyo si msichana tena. Waingereza wakalipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti.

Sasa jaribu kumfikiria Mekatilili ni jirani yako. Mjane, hatulii nyumbani, kila siku yuko barabarani anacheza ngoma mbele za wanaume, anagombana na viongozi hadharani. Tungemwambia nini? Tungemwambia mama, vaa ushungi wako ukae, una wajukuu.

(Na kabla hamjaniletea habari za dini, nani hajasikia madrasa kisa cha Nusayba binti Kaab? Vita vya Uhud, mwaka 625, wanaume wanakimbia, yeye alikuja na kiriba cha maji kuwanywesha wapiganaji, akaona hali akaweka maji chini akachukua upanga akasimama kumkinga Mtume, akajeruhiwa mwili mzima. Na hakuishia hapo, miaka baadae kaenda vita vya Yamama kapoteza mkono. Hiki kisa tunakisimulia kila mwaka, halafu tukitoka darsani tunamsema msichana wa watu kwa sababu kapanda baiskeli, na Tanga hii kila mtu ana baiskeli.)

Tuje kwa Siti binti Saad, na hapa nitakaa kidogo maana ana undugu na sisi kwa njia ya kalamu. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia ya watumwa, na jina la kwanza walilompa lilikuwa hilohilo, Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi na yeye kazi yake ilikuwa kubeba vyungu kichwani kwenda kuvitembeza mjini, anaviuza kwa kuita, na sauti ile ya kuita vyungu watu walikuwa wanaisikia mbali. 1911 kahamia mjini moja kwa moja. Akaacha mume na maisha ya shamba nyuma, akajifunza muziki, na wakati huo taarabu ilikuwa ni mambo ya kasri, inaimbwa Kiarabu, wanaume, wageni waalikwa. Yeye kaileta kwa Kiswahili, kaipeleka mtaa wa Ng'ambo kwa wauza samaki na wachukuzi. 1928 kampuni ya gramafoni ikamchukua yeye na wenzake mpaka Bombay kurekodi, na sahani zake zikasambaa pwani yote mpaka watu ambao hawakuwa na gramafoni walikuwa wanajazana kwenye mikahawa kusikiliza.

Wenye asili zao hawakupenda. Wakamtungia maneno, kwamba lini huyu kawa mtu, kaja mjini na kaniki, na kama si sauti angekula nini. Wangapi wetu tukiambiwa hivyo tunazima simu wiki nzima? Yeye kajibu kwa wimbo vilevile, kwamba uzuri na ukoo si hoja, hasara ni mtu kukosa akili. Kwa kipaza chake, kwa muziki wake, mjini kwao. Huo ndo msuto wa daraja la juu.

Halafu alikuwa anaimba kesi. Mwanamke kauawa, mwanamume anayeitwa Kijiti katorokea bara, na mkono wa sheria umewaangukia wanawake waliosimama kusema walichoona, basi Siti kaitia kwenye wimbo na jina la muuaji ndani, mpaka leo lipo. Gazeti lingesahaulika. Mi naona hilo ni tendo kubwa kuliko Bombay yote, ila ukisoma mabango ya siku hizi utaona "mwanamke wa kwanza kurekodi" tu, ule ukali wote umekatwa.

Undugu wetu naye ni kwamba wasifu wake ulioandikwa kwa mkono wa heshima umeandikwa na Shaaban Robert, mtoto wa hapahapa Tanga, Vibambani kule Machui. Mwanamume Mwislamu, karani wa serikali ya kikoloni, mshairi mkubwa kuliko wote, kakaa kamwandika mwimbaji wa kike aliyezaliwa mtumwa kana kwamba anaandika habari za mfalme. Watu wanamkumbuka kwa mambo mengi, mi hili moja lingenitosha. Siti alifariki 1950.

Aliyebeba nyimbo za Siti baada yake mnamjua, Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Mfagimaringo. Na huyu ndo aliniletea vita dukani. Kuna shangazi yangu anapitaga pale kila asubuhi akitoka sokoni, anaweka kikapu chini, anakaa kwenye benchi anasoma makaratasi ya watu bila kuona haya. Kanisikia namtaja Bi Kidude kwa watoto wa shule akadakia, "We, huyo usiwafundishe watoto, bibi mzima na sigara mdomoni!"

Na ni kweli, sigara zilikuwepo. Na alikimbia ndoa, na hakuzaa, na alikuwa kungwi wa unyago anayewafundisha wari mambo ambayo shangazi yangu mwenyewe kafundishwa na kungwi wake ila hataki yatajwe mchana. Alikuwa anapiga ngoma za kuning'iniza mbele ya mwili, anatembea peku, kazunguka Ulaya na Japani na umri ambao wenzake wote walikuwa wameshazikwa, 2005 kapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya muziki wa dunia, kwa mchango wa maisha yake yote, na pesa akipata anagawa mpaka zinaisha. Kafariki Aprili 2013 na Zanzibar nzima kuanzia rais kushuka ikaenda mazikoni. Nikamwambia shangazi, ukimtoa sigara, ukamtoa unyago, ukamtoa huko kukimbia waume, unabaki na nani? Bibi mmoja mzuri wa kuweka kwenye kalenda. Ile sauti ya mchanga ilitoka kwenye hayo maisha, haikutoka kwenye maji ya zamzam. Kanijibu, "Mi sisemi hakuimba, nasema usiwafundishe watoto." Na kikapu chake akabeba.

Hapo ndo nikaona jambo lenyewe lilivyo. Tunawakubali hawa wanawake kwa sharti kwamba tuwaoshe kwanza.

Angalia Bibi Titi Mohamed. 1955 mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, kauliza viongozi wa TANU kitengo chenu cha wanawake kiko wapi, na hakikuwepo, ikabidi kitafutwe upesiupesi, kaletwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kinaitwa Bomba. Elimu yake ya shule ndogo tu. Lakini alijua jambo moja ambalo wasomi wote pale hawakulijua, kwamba wanawake wa Dar es Salaam wameshajipanga zamani, wana viongozi, wana michango, wana sare, kupitia ngoma. Akapita kwa viongozi wa lelemama na vikundi vingine, na ndani ya miezi michache inasemekana wanawake 5,000 walikuwa na kadi. Wanaume wengi wakati huo walikuwa waajiriwa wa serikali wanaogopa kufukuzwa kazi, wauza vitumbua na wapika pombe mabosi wao walikuwa nani? Hao ndo walibeba chama.

Hadithi ya shuleni inaishia kwenye uhuru, picha nyeusi na nyeupe, makofi. Sasa endelea. 1965 kakosa ubunge. 1967 Azimio la Arusha linasema kiongozi hana ruhusa ya kuwa na nyumba za kupangisha, yeye anazo, kajenga kwa jasho lake, kaachia ngazi. 1969 kakamatwa, 1970 kesi ya uhaini, kifungo cha maisha, 1972 kaachiwa kwa msamaha, na hapo katikati watu wengi walimkimbia. Kafariki Novemba 2000. Barabara kubwa ya Dar ina jina lake na madereva wa daladala wanalitaja kutwa. Mi nataka binti wa fomu tuu aandike na hiyo nusu ya pili. Mwanamke aliyeijenga nchi halafu nchi hiyohiyo ikamfunga, halafu hakuhama, hakukimbia, kaendelea kuishi hapo. Hiyo nusu ni ngumu kuweka kwenye bango la rangi na pambo la maua pembeni, najua, nimejaribu kuipanga kwenye kompyuta.

Sasa nifike kwa yule ambaye mi mwenyewe ananichanganya, na sisi wa Tanga na Pangani ndo anapaswa kutuchanganya zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, kazaliwa 1844. Kajifundisha kuandika mwenyewe kwa siri, kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana walifundishwa kusoma tu. Akiwa na miaka 15 akawa katibu wa njama ya kaka yake Barghash ya kutaka kumpindua kaka yao mwingine Majid, barua za siri ziliandikwa kwa mkono wake. Njama ikafeli. Halafu kapendana na jirani Mjerumani mfanyabiashara, Heinrich Ruete, kashika mimba, na 1866 katoroka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden, kabadili dini, kaolewa, kaenda Hamburg. 1870 mume kagongwa na tramu kafa, kabaki na watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi, lugha si yake, urithi kanyimwa. 1886 katoa kitabu cha kumbukumbu zake, mwanamke wa huku kaandika maisha yake mwenyewe na kuyachapisha wakati ambao wengi walikuwa hawaruhusiwi hata kalamu.

Ukiishia hapo ni shujaa wa kila anayetaka shujaa. Lakini 1885, mwaka mmoja kabla ya kitabu, Salme alirudi Zanzibar, na alirudi na nani? Na meli za kivita za Wajerumani. Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, alikuwa anamtumia kama fimbo ya kumtishia Barghash, yuleyule kaka aliyemwandikia barua za njama, akubali Wajerumani wachukue bara. Barghash alipokubali, Salme akawa hana kazi tena, wakamrudisha kwao, urithi hakupata. Na miaka mitatu tu baadae, 1888, Wajerumani wako Pangani wanashusha bendera ya sultani, Abushiri anainuka, pwani nzima inawaka moto, na Desemba 1889 Abushiri kanyongwa hapohapo Pangani. Mzee Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga katuachia utenzi mzima wa vita hivyo.

Sisemi Salme ndo kawaleta, hao walikuwa wanakuja kwa vyovyote. Lakini nikipita kwenye yale majengo ya Wajerumani hapa mjini namkumbuka, na ndani ya kitabu chake hichohicho anatetea utumwa, anasema wa kwetu haukuwa mbaya kama wanavyosema Wazungu, na hayo ni maneno ya binti wa mfalme ambaye hajawahi kubeba chungu. Siti alizaliwa upande wa pili wa maneno hayo. Ningeweza kumtoa kwenye orodha yangu. Simtoi. Mfupa wa ngamia ni wake, usiku wa kutoroka ni wake, na meli za Wajerumani pia ni zake, vyote aandikiwe kwa wino mmoja.

Maana ukianza kutoa utabaki na nani? Malkia Fatuma wa Unguja, 1696 mpaka 1698 Waomani wameizingira ngome ya Mombasa, Wareno ndani wanakufa kwa njaa na maradhi, yeye anawapelekea chakula kwa majahazi. Upande ulioshindwa, tena upande wa Wareno! Waomani wakamchukua wakampeleka kwao. Nzinga wa Ndongo, ambayo leo ni Angola, 1622 kaenda Luanda kuongea na gavana Mreno, kawekewa mkeka chini na gavana kwenye kiti, akamwashiria mtumishi wake ainame akakaa mgongoni kwake wakaongea sawa kwa sawa, kila mtu anaipenda hiyo, ila mgongo ule ulikuwa wa mtu, na Nzinga aliuza mateka kwa Wazungu miaka na miaka huku anapigana nao. Alipigana mpaka uzeeni, kafa 1663 kwenye ardhi yake. Yote ni kweli kwa wakati mmoja.

Na Nkomanile. Huyu kwenye projekti za watoto sijawahi kumprinti hata mara moja na ni wa kwetu kabisa, Ungoni, nduna, yaani kiongozi wa Kingoni, mwanamke kule Kitanda. 1905 dawa ya maji imetoka Ngarambe kwa Kinjikitile inasambaa kusini, kwamba ukinywa risasi zitageuka maji, na Wangoni waliipokea kupitia kwa Nkomanile. Ninyi mnajua risasi zilifanya nini. Wajerumani wakachoma mashamba na ghala, njaa ikaua watu wengi kuliko vita. Februari 1906 wakamnyonga Songea pamoja na manduna wa kiume, mwanamke pekee kati yao. Kuna anayesema alidanganywa, kuna anayesema alijua anachofanya, alikuwa anahitaji kitu kimoja cha kuwaunganisha watu ambao hawajawahi kukubaliana. Mi namuona kwenye baraza la wanaume anatoa uamuzi mzito bila uhakika, kama wao, na analipa kama wao. Kwa nini yeye asiruhusiwe kukosea na bado aitwe shujaa, wakati wanaume waliokosea vita wamejaa kwenye majina ya shule?

Mteja mmoja, mwalimu, kaniambia dada wewe unataka watoto wachanganyikiwe. Nikamwambia mwalimu, hao watoto wana TikTok, washachanganyikiwa.

Sasa mtaniuliza na Tanga je, maana nimezunguka Afrika nzima na nyumbani sijafika. Tanga tuna Shakila, mtoto wa Pangani. Miaka ile ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa mjini vilivyoweka magitaa ya umeme na besi mahali pa udi na fidla nyingi, mpaka Mombasa wakaanza kuiga, huyu binti kasimama mbele kaimba mapenzi na machungu yake waziwazi, kwa sauti ile nyembamba inayokata. Hakuvaa ngozi, hakuua mtu. Lakini msichana wa pwani wakati ule kupanda jukwaani na bendi ya wanaume, usiku, na kulipwa! Baadae kahamia Dar kama wote wanavyohamia, waja leo waondoka leo, kaimba mpaka uzeeni, kafariki 2016.

Nilimuuliza shangazi, siku nyingine, kikapu kiko chini na anasoma barua ya mtu ya maombi ya kazi. Nikamwambia shangazi, Shakila naye alikuwa anaimba usiku na wanaume, alikuwa anakesha, alikuwa ananunua vyake mwenyewe, huyo naye nisiwafundishe watoto? Maana namsikia huku uani kwao kila Ijumaa akikuna nazi anamwimba Shakila mwanzo mpaka mwisho na vibwagizo vya kinanda anavipiga kwa mdomo.

"Aa, huyo mwache," akasema, macho yako kwenye barua. "Huyo wetu."